Zamani ya Nani? Shanga, Vitambaa na Keki za Mkaa, Kutoka Misafara hadi Kware

Siku moja ya soko mjini Kitengela niliinua mkufu mpana wa shanga uliotandazwa juu ya gunia, nikamuuliza mama wa Kimaasai aliyekuwa akiuuza, "Yeyo, huu ni wa zamani?" Akanitazama kidogo, kisha akanirudishia swali: "Zamani ya nani?" Sikuwa na jibu. Akanieleza kwamba rangi zilivyopangwa pale ni za rika la mumewe. Nikitaka za rika la babake, itanibidi nimtafute bibi mmoja anayekaa mbali, na huyo pengine hatakubali kuuza.

Ninaishi Kware, hapa Kitengela. Kware hii si yule ndege. Ni Kiingereza kilicholainishwa midomoni mwa wachonga mawe, maana yake machimbo. Vijana wa huku siku hizi wanarudi nyuma kutafuta mawazo. Mmoja anashona magauni ya mkato wa miaka ya 1970. Mwingine anaoka keki kwenye jiko la mkaa makusudi, ilhali oveni ya gesi anayo. Wa tatu amevichukua vitambaa vya makochi vya nyanyake akavigeuza blauzi, na nyanya mwenyewe bado hajaambiwa. Wote wanasema wanatafuta "kitu cha zamani". Nimejaribu kulifuata lile swali la yule mama miaka inavyokwenda nyuma, na kila nilipofika nimekuta kwamba hicho cha zamani kiliingia nchini kikiwa kipya na kigeni, watu wakakishika, wakakikataa nusu, wakakipinda mpaka kikakubali.

Kabla ya reli: kivunja mji

Mapambo ya Wamaasai hayakuanza na kioo. Yalianza na ngozi, mbegu, mifupa na chuma cha wahunzi wao, ilkunono. Shanga za kioo zilitoka Ulaya, hasa Venezia, zikashuka Zanzibar na kupanda bara vichwani mwa wapagazi pamoja na vitambaa vya merikani na kaniki, na waya wa seng'enge. Richard Burton, aliyesafiri bara mwaka 1857, aliandika orodha ndefu ya shanga za misafara kwa majina waliyozipa Waswahili. Iliyopendwa kuliko zote ilikuwa samesame, ndogo, nyekundu kwa nje na nyeupe kwa ndani. Anasema ilikuwa na majina ya utani: moja maana yake kimaliza chakula, kwa kuwa mtu angetoa mlo wake ili aipate, na la pili kivunja mji, kwa sababu ya yale ambayo wake waliwafanyia waume zao kwa ajili yake. Waswahili hawakuanza leo kupachika bidhaa majina.

Kuna dhana kwamba Mwafrika wa bara alipokea shanga yoyote aliyopewa. Wafanyabiashara wa misafara wangecheka. Kila eneo lilikuwa na rangi yake na ukubwa wake, na rangi hiyo ilibadilika bila taarifa. Aliyebeba shanga zilizokwisha kuchokwa alirudi nazo pwani, au alizimwaga njiani. Joseph Thomson alipojiandaa kuvuka nchi ya Wamaasai mwaka 1883, alilazimika kusimama Taveta na kuwakalisha watu wake chini watunge upya shanga zake zote kwenye nyuzi za urefu uliokubalika na Wamaasai. Vinginevyo asingepita. Kiwanda kilikuwa Venezia, lakini aliyeamua nini kitengenezwe alikuwa mwanamke anayeketi mlangoni pa nyumba aliyoijenga kwa matawi, udongo na samadi, na hakuwa na habari Venezia iko wapi.

Seng'enge nayo ilipata kazi ambayo aliyeivuta kiwandani hakuifikiria. Iliviringishwa mikononi na miguuni mwa wanawake, duara juu ya duara, ikawa pambo na ikawa mali.

1891 hadi 1915: reli, mkataba na ngano

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe, ndui ikafuata, na jamii iliyotisha misafara ikajikuta ikiomba hifadhi kwa majirani. Reli iliyoanzia Mombasa ilivuka tambarare za Athi na kufika Nairobi mwaka 1899. Mwaka 1904 Olonana na wazee wengine walitia alama kwenye mkataba uliowaondoa Wamaasai Bonde la Ufa la kati. Wengine wakapelekwa Laikipia, wengine kusini. Mwaka 1911 mkataba wa pili ukawatoa Laikipia pia, wakaswagwa kusini na mifugo yao. Wamaasai walikwenda mahakamani mwaka 1913 wakashindwa. Kajiado tuijuayo, kaunti yetu, ilipata umbo lake hapo.

Ngano ya keki zetu inaingia katika habari hii hii. Bonde lilipokuwa likigawiwa masetla, mmoja wao, Lord Delamere, alishindwa na kondoo kule Njoro akahamia ngano. Kutu ya ngano ikamlia shamba, akagharamia utafiti wa mbegu zinazostahimili, na mwaka 1908 kampuni ya Unga ikaanzishwa. Si kwamba kila pakiti ya unga imesimama juu ya malisho ya mtu. Ila ratiba ni moja: miaka ile ile ambayo ng'ombe walihamishwa kwenda kusini ndiyo ngano ilipata mizizi kaskazini, na miaka mingi baadaye unga huo ukashuka kwa treni kuwafuata wale waliohamishwa.

Treni ilishuka kwa sababu ya magadi. Njia ya tawi kutoka Konza kupitia Kajiado hadi ziwa Magadi ilijengwa kati ya 1911 na 1915, na penye kituo paliota duka la Mhindi. Katika duka hilo Mmaasai alikuta chini ya paa moja sukari, majani ya chai, blanketi na shanga. Shanga sasa zilitoka zaidi Bohemia, nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Czech, na katika mji wa Jablonec kazi hiyo ilikuwa ya familia nzima nzima. Bei ilishuka, rangi zikaongezeka, na hapo ndipo mikufu mipana tunayoiona kwenye kadi za posta ilipopata nafasi ya kupanuka. Kumbe hata "utamaduni usiobadilika" una risiti ya duka.

Utaratibu wa mtindo, hata hivyo, ulibaki mikononi mwa wanawake wa Kimaasai. Mtafiti Donna Klumpp Pido, aliyeishi na kazi hii miaka mingi, ameonyesha jinsi mapambo yalivyofungamana na marika. Kundi jipya la morani likiingia, wasichana hutunga mpangilio mpya wa rangi kwa ajili yao, na ule wa kaka zao wakubwa unazeeka mara moja. Anayejua kusoma hahitaji tarehe. Ndiyo maana yule mama wa sokoni hakunielewa: neno "zamani" lilikuwa pana mno kwake, kama mtu anayekuuliza saa ukamjibu "mchana".

1925 hadi 1963: kitambaa, sindano na keki ya mchanga

Waafrika wa kwanza Kenya kuoka keki ya Kizungu walikuwa wanaume. Walikuwa wapishi katika nyumba za masetla, na mwaka 1928 kina mama wa kanisa la St Andrew's Nairobi walichapisha kitabu cha mapishi cha masetla kilichotolewa tena na tena kwa miaka mingi. Kitabu kilikuwa cha memsahib, lakini mikono iliyopiga mayai ilikuwa ya mpishi, na mpishi akaenda likizo nyumbani na siri kichwani. Cherehani ya Singer kwenye baraza la duka nayo iliendeshwa na mwanamume.

Wanawake waliingia kwa mlango mwingine. Misheni ziliwafunza wasichana sindano. Jeanes School ya Kabete, iliyofunguliwa mwaka 1925, ilifundisha walimu wa vijijini, na wake zao wakafundishwa kushona, kupika na usafi wa nyumba. Mwaka 1952 idara ya maendeleo ya jamii ikaunganisha vikundi vya akina mama kuwa Maendeleo ya Wanawake. Mwaka huo huo hali ya hatari ilitangazwa, na serikali ilitaka mwanamke wa kijijini ashike sindano ya krosheti asije akawabebea wapiganaji chakula msituni. Tusiizunguke hiyo. Vitambaa vyetu vya kochi vilianza vikiwa sehemu ya siasa ya kutuliza watu.

Lakini mwanamke aliyefunzwa mshono mmoja hakukaa na mshono mmoja. Mwaka 1958 Phoebe Asiyo akawa Mwafrika wa kwanza kuongoza Maendeleo ya Wanawake, na kufikia uhuru vikundi vilikuwa vimekwisha kuchukua kitambaa na kukipa kazi zao wenyewe. Ingia sebule yoyote ya Kenya ya miaka ya 1970 au 1980. Kitambaa juu ya mgongo wa kochi, kitambaa kwenye kila mkono wa kochi, kitambaa juu ya redio, kitambaa chini ya thamosi, na siku televisheni ilipofika nayo ikavishwa chake. Rangi zilizidiana ukali: waridi na kijani, machungwa na nyeupe. Kwa Wazungu kitambaa cha mgongo wa kiti kilizuia mafuta ya nywele. Kwetu kilitangaza kwamba mama mwenye nyumba hii ana kikundi, na kikundi kikija kuketi hapa Jumamosi, kila mmoja ataangalia mishono. Huko ndiko wengi walikohesabu na kupokezana pesa ya chama huku vidole vikiendelea.

Keki ilifuata mkondo huo. Kikwazo kilikuwa oveni, kwa sababu hakuna aliyekuwa nayo. Njia iliyozaliwa ndiyo ninayoitazama hadi leo kwa jirani yangu wa Kware, na nitaieleza kama ninavyoiona.

Anateleka sufuria kubwa nzito juu ya jiko lenye makaa yaliyokwisha kushika, siyo ya moshi. Ndani anamwaga mchanga uliooshwa, kina cha vidole viwili, anafunika na kuuacha upate moto. Wakati huo anakoroga majarini ya Blue Band na sukari kwa mwiko wa mti, mkono mmoja, mpaka rangi ya manjano ififie na chembe za sukari ziache kukwaruza. Mayai huingia moja moja. Unga na beking pauda hupita kwenye chekecheo, maziwa kidogo, ganda la limau lililoparwa. Sufuria ndogo imepakwa mafuta na kutandikwa karatasi. Anaiketisha juu ya mchanga, anafunika kwa sinia, kisha anachota makaa kwa koleo na kuyapanga juu ya sinia, mengi pembeni, machache katikati. Moto wa chini anaupunguza. Yote yamo hapo: moto wa juu uzidi wa chini, la sivyo keki itaungua tako kabla kichwa hakijaiva. Hana saa. Harufu ikibadilika kutoka ya yai kuwa ya sukari iliyoungua kidogo, anachomoa njiti ya fagio, anachoma katikati. Ikitoka kavu, imeiva.

Nilijaribu mwenyewe mara mbili. Ya kwanza ilikuwa na mchanga ndani, kwa kuwa nilifunua kwa pupa. Ya pili tuliila kwa adabu.

1968 hadi 1990: shamba la pamoja, shamba la mtu, na tanuri la kioo

Sheria ya mwaka 1968 iliruhusu ardhi ya Wamaasai isajiliwe kwa ranchi za vikundi. Ranchi ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, kila mwanachama akapata hati yake. Hati huuzika. Wakaja wanunuzi kutoka Nairobi, wakaja wachimba mawe, zikaja nyua za waya, na malisho yaliyokuwa uwanja mmoja wa ng'ombe na wanyamapori wa mbuga ya Nairobi yakakatwa vipande. Mji tunaouishi ulitoka katika visu hivyo.

Kabla ya hapo, mwishoni mwa miaka ya 1970, msanii mzaliwa wa Ujerumani, Nani Croze, alikuwa amehamia ukingo wa korongo la Mbagathi, mkabala na mbuga. Alianza kutengeneza madirisha ya kioo cha rangi, sanaa ya makanisa ya Ulaya ya karne za kati, na akafunza mafundi wa huku. Mwanawe Anselm akaongeza kazi ya kupuliza kioo cha moto. Malighafi yao kwa sehemu kubwa ni kioo chakavu, vigae vya madirisha na chupa, ambavyo huyeyushwa katika tanuri la zaidi ya nyuzi 1,000 na kutoka kama bilauri, taa na shanga. Mahali pao panaitwa Kitengela Glass ingawa ukishuka stendi ya Kitengela utakuwa bado na safari. Wageni wengi wamepotelea huko wakifuata jina.

Neno hilo "shanga" nilipolisikia mara ya kwanza kwa habari ya karakana hii lilinisimamisha. Kwa zaidi ya miaka mia moja Kajiado ilinunua kioo kilichokwisha kuwa shanga. Sasa kioo kilichovunjika Nairobi kinakuwa shanga ndani ya Kajiado. Hazifanani na zile za Jablonec. Ni kubwa, nzito, hazilingani, na mtungaji wa mikufu ya Kimaasai, anayetaka punje zenye kimo kimoja, hawezi kuzitumia katika kazi yake ya kawaida. Kwa hiyo mikondo miwili inatiririka sambamba, wala sioni ubaya. Karen ng'ambo ile, karakana ya Kazuri ilikuwa imeanza mwaka 1975 na wanawake wawili wakifinyanga shanga za udongo, nazo zikapata wateja wake.

1990 hadi 2005: kiwanda na mtumba

Sheria ya maeneo ya viwanda vya kuuza nje, EPZ, ilipitishwa mwaka 1990, na Athi River ikawa kitovu. Marekani ilipofungua soko lake kwa nguo za Afrika mwaka 2000, kupitia AGOA, viwanda vya nguo viliajiri kwa maelfu. Wafanyakazi walihitaji pa kulala, na Kitengela ilikuwa ng'ambo ya barabara. Nyumba za chumba kimoja kimoja zikapanda kwa mawe ya kware. Asubuhi, kabla ya geti, chai na kangumu. Jioni, chai na kangumu tena. Hiyo kangumu, donge la unga wa ngano lililokaangwa likakauka, haijawahi kusifiwa na gazeti lolote, lakini ilijenga mji.

Kiwandani mtu hashoni nguo. Anashona mfuko, au kola, au upande mmoja wa suruali, mamia kwa siku. Mikataba ya dunia ya nguo ilipobadilika Januari 2005 na ushindani wa Asia kuzidi, baadhi ya viwanda vilipunguza watu. Wapo walionunua cherehani kwa akiba, wakakodi kibanda, na kwa mara ya kwanza wakashona gauni kutoka shingo hadi pindo. Mkono wao ulikuwa na kasi ya kiwanda na unyoofu wa kiwanda. Walichokosa ni kitambaa cha bei nafuu.

Kitambaa kilikuwa katika soko la Gikomba, Nairobi. Serikali ilikuwa imefungua soko la mitumba mapema miaka ya 1990, na viwanda vya nyuzi vya ndani vikadhoofika kimoja baada ya kingine; wengine watalaumu mitumba, wengine usimamizi, na mimi nalaumu vyote viwili. Mtumba unapokatwa kamba, wenye jicho huchagua kamera, ndizo bora. Kinachobaki mwishoni ni fagia, bei ya kutupa. Fundi wa Kitengela alijifunza kupenda fagia. Shati la mzee la pamba nzito huwa mavazi mawili ya mtoto. Pazia la maua huwa sketi.

Na katika fagia ndimo zilimo nguo za miaka ya 1970. Binti wa Kware anapovaa gauni la kola ndefu na kusema ni la enzi za nyanyake, yupo sahihi kwa mwaka, siyo kwa nyanya. Gauni hilo huenda lilichezewa muziki Toronto au Hamburg. Nyanya yake mwenyewe mwaka ule alikuwa na rinda la sare la kikundi. Picha zipo, ukutani, chini ya kitambaa.

Tangu 2007: simu, karantini na kiondo

Haya ya karibuni nitayapitisha haraka, kwa kuwa msomaji aliyaona. M-Pesa ya mwaka 2007 iliwezesha mtungaji wa shanga aliye mbali na barabara kulipwa bila dalali kushika fedha yake. Sensa ya 2019 ilikuta watu zaidi ya 150,000 Kitengela. Mwishoni mwa Machi 2020, kwa hofu ya korona, serikali ilisimamisha uingizaji wa mitumba hadi Agosti, na watalii nao wakatoweka. Akina mama wa shanga walikaa na mikufu. Mafundi walikaa bila fagia. Jirani yangu, aliyekuwa akioka kwa ajili ya Krismasi na ubatizo tu, alianza kuoka kila Jumamosi kwa sababu shule zilifungwa, watoto walikuwa nyumbani na kazi ya mumewe ilisimama. Majirani wenye oveni ndio waliokuja kununua. Walisema ina ladha ya kwao.

Shanga zimebadilika pia. Vipande vinavyotenganisha safu za mkufu, ambavyo zamani vilikatwa kwenye ngozi, siku hizi hukatwa kwenye mtungi wa plastiki, na kano imeuachia nafasi uzi wa nailoni. Wapo wanaonunua kutoka mbali wanaolalamika kwamba huo si uasilia. Nimemweleza yule mama wa sokoni malalamiko hayo. Alicheka, akaniuliza kama hao wanaolalamika wamewahi kuvaa ngozi iliyolowa mvua.

Mkufu sikuununua siku ile. Nilirudi wiki mbili baadaye, nikauliza ni wa rika gani, na tukaelewana bei.

Nawe ukitaka keki ya jirani yangu, huwa inatoka motoni Jumamosi kati ya saa tisa na saa kumi. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Agosti 2017, na yeye hana karatasi ya kufungia. Njoo na kiondo.